Kabla hujanunua betri ya tatu: tupime chaji ya pikipiki wenyewe (hasa sisi wa pwani)

MVUJA JASHO (mwenye uzi)

Salaam jamaa. Mimi ni bodaboda hapa Malindi, njia yangu ni ya kuvuka daraja la Sabaki: Mambrui, Gongoni, siku nyingine hadi Marereni kwa watu wa chumvi. Pikipiki ni ya sisi (cc) 150, ina stata na kiki.

Naandika kwa sababu mwaka jana nilikula hasara ya kijinga. Pikipiki ikilala, asubuhi ukibonyeza stata yasema tk-tk-tk halafu kimya. Fundi akasema betri. Nikanunua. Wiki tatu, tk-tk-tk. Nikanunua nyingine ya bei ya juu zaidi, ikakaa mwezi. Fundi wa pili akasema rektifaya. Nikatoa hela, ikafungwa, tukapeana mikono. Siku ya kumi na moja niko Gongoni saa mbili usiku na abiria amebeba mtoto, honi yalia kama kifaranga na indiketa imeganda.

Kati yao hakuna aliyeweka mita. Hata mmoja. Ndipo nikanunua yangu, ile ya manjano ya shilingi 600, nikakaa nayo uani Jumapili nzima. Nawapa nilichokiona, wajuzi wasahihishe.

Mwendo wa umeme wenyewe si mrefu. Pembeni mwa injini, ndani ya kifuniko, mna koili ya magneti. Wengine huiita stata, ndiyo maana tunagongana vichwa na ile stata ya kuwashia. Humu nitasema koili tu. Sumaku huzunguka, koili hutoa umeme wa kwenda na kurudi. Umeme huo hupita kwenye waya, kwa pikipiki nyingi ni tatu za manjano, hadi kwenye rektifaya. Rektifaya huufanya uende upande mmoja na huuzuia usizidi kipimo. Kisha betri. Kwa hiyo ni koili, waya, rektifaya, waya, betri. Mafundi wangu walibadilisha betri na rektifaya. Hizo waya mbili za katikati hakuna aliyezitazama.

Nilianza na betri, pikipiki imelala usiku kucha, funguo mfukoni. Mita kwenye V yenye mstari ulionyooka, kwenye 20. Betri iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imepungua kama robo. Ikiwa 12.0 kushuka chini, hiyo ni tupu, na usipime kitu kingine mpaka uichaji nje, la sivyo kila namba itakayofuata itakudanganya. Yangu ilisoma 11.9. Kuna jirani ana chaja ndogo, tukaiweka kwa nusu ampea usiku mzima (betri ya 5Ah, yaani ampea-saa 5, haitaki zaidi ya hapo, sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake). Ikaamka 12.7. Nikaibonyeza stata huku naitazama mita: ikashuka 10.8, injini ikawaka. Ingeshuka chini ya 9.6 hivi ningesema betri imekufa. Haikushuka. Yaani betri niliyotaka kuitupa ilikuwa nzima.

Sasa injini imewaka, mita bado kwenye betri. Bila resi, 12.6. Nikatia resi ya katikati, ile ya kwenda na abiria barabara tupu: 12.9. Nikawasha taa: 12.5. Pikipiki inayochaji sawasawa, kwa resi hiyo, hukaa kati ya 13.5 na 14.7. Hapo nikajua betri haina kosa, hailishwi tu.

Nikafungua kifuniko cha ubavuni nikafuata zile waya tatu za manjano mpaka kwenye soketi yao ya plastiki. Nikaivuta. Haitoki. Nikavuta tena kwa koleo, ikatoka na kipande chake kimeganda upande wa pili. Ilikuwa nyeupe zamani. Sasa upande mmoja umekuwa kahawia iliyoungua, kama kitumbua kilichosahauliwa chumani. Pini moja nyeusi ti, mbili zina ule ukungu wa kijani wa shaba.

Kabla sijaikata nikapima koili peke yake. Soketi imeachana, injini imewaka, mita kwenye V yenye wimbi, 200. Waya ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Kwa resi nilipata 48, 47, 48. Namba hutofautiana pikipiki kwa pikipiki, cha kutazama ni kwamba zinalingana na zinapanda pamoja na resi. Zangu zililingana. (Usishike ncha kwa vidole hapo, umeme huo unauma.)

Basi koili nzima, rektifaya nzima, betri nzima, na katikati pini moja imeungua, sehemu kubwa ya umeme haifiki. Nikakata soketi nzima, nikaunga waya moja moja kwa risasi ya kuchomelea, nikavalisha mpira. Nikawasha: 14.2. Tangu hapo huu ni mwezi wa tisa, betri ni ileile.


KASKAZI

Hadithi tamu, lakini wewe una Jumapili ya kukaa uani. Mimi nisipokuwa barabarani hakuna unga. Pikipiki yangu pia haichaji, nitampelekea fundi, ndiyo kazi yake. Na hiyo mita nilishanunua. Nilipogusa betri ikatoa cheche, ncha ikayeyuka. Nikaitupa kwenye droo.


MVUJA JASHO

Kaskazi, waya nyekundu uliichomeka tundu gani?


KASKAZI

Lile la 10A. Ndipo ilipokuwa toka dukani.


AMI WA SHELA

Mwanangu, hapo hukupima betri, uliipiga shoti. Tundu la 10A ndani yake ni kama waya mtupu, umeme wapita wote. Ukipima volti, nyekundu huwa kwenye tundu la V, lile lenye alama ya omu (Ω). Lile la ampea litumie unapotafuta mkondo tu, na ukimaliza urudishe nyekundu mahali pake kabla hujaiweka mita chini. Si utakapokumbuka. Kabla hujaiweka chini. Itoe hiyo mita droo, huenda ni fyuzi yake tu iliyokwenda au hata volti bado inasoma.

Mvuja Jasho, kazi nzuri, lakini umebahatika. Pini yako iliungua mpaka ikaonekana. Nyingi hazionekani. Mimi nimefanya umeme wa magari na pikipiki miaka mingi, macho sasa hayanisaidii na waya nyembamba, ila hili la kupima volti zinazopotea njiani nataka mlijue, kwa sababu hapa kwetu ndilo lenye faida kuliko yote.

Chumvi haikai kimya. Ukungu wa bahari unaacha chumvi juu ya kila kitu, na chumvi hunywa maji kutoka hewani, kwa hiyo hata siku kavu pini zako zina unyevu. Shaba huota kijani, aluminiamu huota unga mweupe. Hasa pale waya ya arthi, ile ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, inapofungwa kwa bolti kwenye injini au fremu. Ukitazama kwa nje bolti imekaza, chini yake ni unga. Halafu kuna hawa vijana wa kuosha pikipiki kwa mpira wa presha, wanayapeleka maji yenye chumvi mpaka ndani ya soketi. Mwambie asipige chini ya kiti.

Sasa, washa injini, washa taa, mtu akushikie resi. Mita kwenye V ya mstari. Ncha nyekundu iguse waya unaotoka rektifaya kwenda betri, palepale kwenye rektifaya, na ncha nyeusi iguse kichwa cha chanya cha betri. Hupimi betri, unapima njia. Njia safi inasoma 0.1, 0.2. Ikizidi 0.3 kuna kitu kinakula. Kisha upande wa pili: kichwa cha hasi cha betri na mwili wa rektifaya, au waya wake wa arthi kama anao. Hapo pia isizidi 0.2. Mita ikiweka alama ya kutoa usijali, soma namba.

Kwa nini? Ampea 8 zikipita kwenye pini yenye upinzani wa omu 0.2 tu, hupotea volti 1.6 hapo. Na joto lake ni karibu wati 13, mahali pa ukubwa wa ukucha. Ndicho kile kitumbua chako. Rektifaya huku inajiona inatoa 14.4, imeridhika, haiongezi. Betri kule inapata 12.8, haijai kamwe. Fundi akipima betri tu atasema rektifaya mbovu. Utanunua mpya, nayo itatoa 14.4 na kuridhika vilevile.

Dawa ya arthi: fungua bolti, sugua msasa pande zote mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu. Juu, si katikati.

Mawili matatu kabla sijachoka kuandika. Pikipiki kuwaka kwa kiki si dalili kwamba inachaji. Nyingi za kabureta cheche ya plagi hutoka koili yake yenyewe, huweza kutembea hata betri ikiwa maiti. Na ndogo nyingi taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka koili, ndiyo maana hufifia bila resi na kuwaka sana ukitia resi. Huo si ugonjwa. Pia koili zenye waya mbili, au zenye mguu mmoja uliofungwa kwenye arthi, hazipimwi kama zile tatu za manjano, kwa hiyo tazama kwanza yako ni ya aina gani. Na msije mkachomoa betri injini ikinguruma eti muone kama inachaji. Volti huruka juu ghafla, na kitakachoungua hakirudi.


DAFU BARIDI

Shikamoo ami. Mimi niko Mambrui, nimefuata maelezo sasa hivi. Yangu injini ikiwaka mita inasema 16.9!! Nimeizima haraka. Rektifaya hiyo? Nimeshaulizia bei Malindi.


AMI WA SHELA

Marahaba. Injini ikiwa imezimwa, asubuhi kabla hujaigusa, mita ilisema ngapi?


DAFU BARIDI

14.6 ami.


AMI WA SHELA

Betri ya volti 12 haiwezi kulala usiku mzima ikaamka 14.6. Hiyo haipo. Kwenye kioo cha mita pembeni hakuna alama ndogo ya betri?


DAFU BARIDI

Ipo...


AMI WA SHELA

Mita hizi za bei ndogo betri yake ya ndani ikichoka hazisomi chini, husoma juu. Nunua ile ya mraba ya volti 9 ndipo uulizie bei ya rektifaya.


DAFU BARIDI

Subhanallah. Nimeweka mpya. Imelala 12.5, injini na resi 14.1. Nilikuwa nakwenda kuuza redio nipate hela ya rektifaya. Mungu akuweke ami.


TOPE LA GONGONI

Mimi mita yangu ni nzima, nimeihakikisha kwa betri ya gari la jirani. Pikipiki yangu inakwenda 15.4 kwa resi. Betri ya maji, kila wiki mbili naongeza, na balbu zimekatika tatu. Kazi yangu ni huku mashamba ya chumvi, kwa hiyo chombo hakijui maisha mengine. Rektifaya nimebadilisha, ya pili nayo 15.4.


AMI WA SHELA

Rektifaya mbili kuharibika namna moja, volti ileile? Mimi siamini. Unaongeza maji gani kwanza?


TOPE LA GONGONI

Maji ya betri ya dukani, mpaka mstari wa juu. Asidi sitii.


AMI WA SHELA

Vizuri, wengi hutia asidi na kuiua. Sasa hesabu waya za rektifaya. Kuna mmoja mwembamba, rangi yake peke yake, ambao ukifungua funguo unapata volti 12 na ukifunga hauna?


TOPE LA GONGONI

Upo. Mweusi.


AMI WA SHELA

Huo ndio jicho lake. Si zote wanao, yako unao. Rektifaya hiyo haitazami betri moja kwa moja, hutazama kupitia swichi ya funguo. Swichi ikiwa na kutu, volti hupungua kabla hazijafika kwenye jicho, naye akidhani betri ina njaa anaongeza. Fungua funguo, washa taa, pima kati ya chanya ya betri na huo mweusi.


TOPE LA GONGONI

0.9 ami. Sifuri nukta tisa.

(baadaye) Nimefungua swichi ya funguo. Ndani mna kijani mpaka inadondoka, kama mtu ametia majani. Nimesugua, nikasafisha na spiriti, nikapaka grisi kidogo. Sasa jicho linasoma 0.1 na betri kwa resi ni 14.4. Rektifaya ya zamani niliitupa shimoni, ilikuwa nzima.


MWENYE CHOMBO

Samahanini, mimi si dereva. Ni mama, nina pikipiki moja anaiendesha kijana, ananiletea hela kila jioni. Tangu mwaka uanze ameniomba betri mara tatu. Sitaki kumdhania mtu vibaya, lakini nilianza kumdhania. Nimesoma uzi huu wote, nikaazima mita. Nimepima kama alivyosema mwenye uzi: ikitoka barabarani 12.7, kwa resi 14.0. Inachaji! Ila ikikaa Jumamosi na Jumapili bila kutoka, Jumatatu ni 11.6. Nani mwongo hapa?


MVUJA JASHO

Mama, hakuna mwongo. Inachaji, lakini ikilala kuna kitu kinainyonya. Hapo sasa ndipo tundu la 10A lina kazi. Funguo toa. Chomoa waya wa hasi wa betri. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye waya uliouchomoa, kwa hiyo umeme wote upite ndani ya mita. Usiwashe injini wala kubonyeza stata ikiwa hivyo, utaiunguza mita. Niambie inasoma ngapi.


MWENYE CHOMBO

0.18.


MVUJA JASHO

Nyingi sana. Pikipiki isiyo na alamu hulala na chini ya 0.01. Mama, kuna kitu kimefungwa moja kwa moja kwenye betri. Redio? Kifaa cha kuchaji simu? Fuata waya zozote za ziada kwenye vichwa vya betri.


AMI WA SHELA

Fanya na hesabu umwonyeshe kijana: 0.18 mara saa 24 ni zaidi ya 4Ah kwa siku. Betri yake kama ni ya 7Ah, siku mbili haina kitu. Na betri inayolala tupu mara kwa mara huota ugonjwa ndani haiponi tena, ndiyo maana hata mpya hazikai.


MWENYE CHOMBO

Ni spika ya muziki na tundu la simu, amezifunga chini ya kiti. Nilipochomoa hizo mita ikarudi 0.00. Nimemwita. Anasema abiria wanapenda muziki. Nimemwambia muziki aupitishe kwenye waya wa funguo, fundi ameuhamisha leo kwa shilingi 200. Na nimemwomba radhi kijana wangu, ingawa na yeye angesema mapema.


KASKAZI

Haya, nimetoa mita droo. Ami umesema kweli, ni fyuzi tu, volti inasoma.

Betri 12.7 baada ya kuchajiwa. Kwa resi 12.4, yaani haichaji kabisa. Soketi ya waya za manjano safi, hata harufu ya moto hakuna. Nikaachanisha, nikapima kwenye wimbi: 46, 9, 10.


AMI WA SHELA

Zima injini. Mita kwenye omu, 200. Gusanisha ncha zenyewe kwanza, uone mita yako inasema ngapi, hiyo utaitoa. Kisha waya kwa waya. Halafu kila wa manjano na mwili wa injini.


KASKAZI

Ncha zenyewe 0.3. Kwanza na pili 0.8. Hizo nyingine mita inaweka 1 pembeni tu, haisomi kitu. Na mwili wa injini, waya mbili hazisomi, lakini ile ya tatu inasoma 4.


AMI WA SHELA

Ukitoa 0.3 ya kwanza ni nusu omu, nzima. Ile ya tatu imekatika na imegusa mwili. Koili yako imeungua, mwanangu. Hapo sasa nenda kwa fundi, lakini nenda umemwambia fungua kifuniko cha magneti, usimwambie pikipiki haichaji. Aandae na gasketi, na oili itakayomwagika airudishie kipimo chake. Una taa za ziada?


KASKAZI

Mbili za mbele, zile za kumulika mbali. Zimeandikwa wati 20 kila moja.


AMI WA SHELA

40 juu ya balbu yako ya 35, na breki, na indiketa. Ndizo ampea 3 na zaidi ambazo mtengenezaji hakuzipangia. Sisemi ndizo zilizoua koili, kuna rektifaya za aina ambayo koili hufanya kazi kwa nguvu zote muda wote, taa ziwe hazipo au zipo. Lakini mchana zizime.


KASKAZI

Nimetoka kwa fundi sasa hivi. Akataka kunipa betri, nikamwonyesha namba. Amefungua: koili tatu kati ya zote ni nyeusi kama makaa ya mkoko, zinanuka. Amefunga nyingine, kwa resi ni 14.1, na taa zote 13.7. Upotevu kwenye njia ya chanya 0.1, arthi 0.4, nikasugua bolti ikawa 0.1.

Mita iko wapi? Nimemwazima mtu wa steji, akamwazima mwenziwe. Aliye nayo airudishe kabla ya Ijumaa, ya shemeji nayo imeanza tk-tk-tk.